Fundo la Ishirini na Saba

Ninalo daftari lenye jalada jeusi ambalo kwa miaka mingi nililifungua mara moja tu kwa mwaka, usiku wa tarehe 31 Desemba. Niliandika humo niliyoyafanya, yaliyonishinda, na mwisho niliyoyakusudia. Nikilipekua sasa naona mstari mmoja umejirudia Desemba nne mfululizo, kuanzia 2014 hadi 2017, kwa mwandiko uleule na karibu kwa maneno yaleyale: kwenda Makunduchi, kukaa na Babu, kujifunza miongo. Mwaka wa pili niliupigia mstari chini. Mwaka wa nne niliandika "lazima" mbele yake. Babu alifariki Aprili 2018, alfajiri ya siku ya mvua, na mimi nilikuwa Dar es Salaam.

Asiyetoka kusini ya Unguja pengine neno hilo, miongo, analijua kwa maana nyingine, kwa hiyo nianze hapo.

Nyumba ya Babu ilikuwa na kalenda tatu. Ya kwanza ni ile ya ukutani, ya Januari hadi Desemba, iliyotuongoza kwenda skuli na kungojea mishahara. Ya pili ni ya mwezi mwandamo, ya saumu na Idi na Maulidi, ambayo Waswahili waliipa majina yao wenyewe: Ramadhani ikiisha huja mfunguo mosi, kisha mfunguo pili, hivyo hivyo hadi mfunguo tisa, ndipo zinapofuata Rajabu na Shaabani. Mwaka huo una siku 354 au 355, na Ramadhani huzunguka misimu yote, leo imo kwenye masika, baada ya miaka kadhaa imo kwenye kaskazi. Huwezi kupanda mtama kwa kuufuata. Ndiyo maana mkulima na mvuvi walikuwa na kalenda ya tatu, ya jua, inayoanza Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi, jina lililotufikia kutoka Uajemi.

Mwaka huo una siku 365 kamili, wala haungojei siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Hugawanywa makumi 36, na kila kumi ni mwongo mmoja. Mwishoni hubaki siku tano ambazo hazimo katika mwongo wowote. Na kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, Mwaka ukianza Jumatatu safari hii, safari ijayo utaanza Jumanne. Babu aliuita kila mwaka kwa siku uliyoanzia, kama vile mtoto anavyoitwa Juma au Khamis. Hesabu hii si ya kijijini peke yake. Ahmad ibn Majid, rubani wa bahari wa karne ya 15, alipoandika misimu ya kusafiri katika Bahari ya Hindi aliitaja kwa siku za Nairuzi: siku ya ngapi chombo kitoke, siku ya ngapi upepo unafunga njia. Mtu aliyekuwa na roho za watu mkononi hakuweza kusema "mwaka huu nitajitahidi". Alihitaji kujua leo ni siku ya ngapi.

Makunduchi ndiko Siku ya Mwaka inakosherehekewa kwa kishindo hadi leo, mwezi wa Julai, katika uwanja wa Kae Kuu. Wageni huja na kamera zao. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, wanawake huzunguka wakiimba, kibanda cha makuti hutiwa moto, kisha watu hurudi majumbani kula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo hujiona imepungukiwa. Maana ya vile vipigo kila mtoto wa huko anaijua: mwenye fundo na mwenzake alimalizie pale, asiingie nalo mwaka mpya. Babu alikwenda uwanjani kila mwaka, akasimama pembeni na kanzu yake, lakini tangu nipate akili sikumwona ameshika mgomba. Nilipokuwa darasa la tano au la sita nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mjukuu wangu, mimi nina makumi thelathini na sita ya kupatana na mtu. Nikifika hapa ningali nina ugomvi, basi nimelala mara thelathini na sita."

Siku hizi neno lenyewe limenyoshwa. Ukisoma gazeti likakwambia jambo limechukua miongo miwili, unajua ni miaka ishirini. Kwa Babu miongo miwili ilikuwa siku ishirini. Sina hakika lini hasa mwongo ulihama kutoka kumi la siku kwenda kumi la miaka, na wala si kosa la mtu, lugha hukua na mahitaji yake. Lakini linanihuzunisha. Kijipande cha muda ambacho mtu aliweza kukishika kiganjani, akakigeuza na kukitazama, kimekuwa kipande kirefu ambacho wengine hawajaliwi kukiona kikiisha. Hata "miongoni mwetu" tunalolisema kila siku limetoka humo, kwenye kuhesabiana, fulani yumo katika idadi yetu.

Sasa nieleze alivyohesabu. Kwenye dirisha la chumba chake palikuwa na vifuu viwili vya nazi na kokwa kumi za ukwaju. Kila alfajiri akitoka msikitini, kabla ya chai, kabla ya kusema na mtu, alihamisha kokwa moja kutoka kifuu cha kulia kwenda cha kushoto. Siku kokwa ya kumi ilipohama, alichukua kamba ya makumbi iliyotundikwa kwenye msumari juu ya dirisha, akapiga fundo moja, akazirudisha kokwa zote kulia. Usiku wake, baada ya sala ya isha, alikaa barazani, Bibi pembeni yake na ukili wake mapajani, na Babu aliuliza kila mara kwa maneno yaleyale: "Haya. Kumi hili limetwambia nini?"

Nilikuwa nikilisikia swali hilo kila likizo tangu utotoni, nami nililichukulia kuwa mazoea ya wazee, kama kukohoa kabla ya kuingia ndani. Hayakuwa mazungumzo makubwa. Alisema dema mbili zimechukuliwa na mkondo kwa sababu aliziacha kwenye bamvua kubwa bila ya kuongeza mawe. Alisema kunde za upande wa juu zimeliwa na kima kwa kuwa yule mtoto aliyewekwa kulinda hakupelekewa chakula mapema, akaondoka, na aliyesahau chakula ni yeye Babu. Alisema amemjibu vibaya mtu fulani pwani, juzi, mchana, mbele ya watu, na kesho atapita kwake. Bibi naye alisema yake. Kisha walinyamaza, na maneno yakahamia kwenye mvua na kwenye sisi wajukuu.

Nilichokuwa sikioni ni kumi lililofuata. Babu alirudi kwenye dema zilezile: mawe yameongezwa, je, zimekaa? Alirudi kwa yule mtu wa pwani: amepokea, au bado ana uso mzito? Kosa lilikuwa bado bichi. Alilikumbuka na saa yake, na bei yake, na jina la aliyeumia, kwa hiyo aliweza kulitengeneza. Nikilinganisha na daftari langu naona haya. Desemba 2015 nimeandika: "Mwaka huu nilikosa subira." Kwa nani? Siku gani? Kwa jambo gani? Sentensi hiyo haina mahali pa kuishika. Yale yaliyotokea Februari yalikwisha kusagika yakawa unga, na mimi usiku ule nilikuwa nakusanya unga na kuuita tafakari. Nilijisikia vizuri baada ya kuandika, hilo nalikumbuka. Nilijisikia nimetubu, kisha asubuhi nikaamka mtu yuleyule.

Simu ya mdogo wangu iliita kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilipanda boti ya kwanza, na nilipofika Unguja nikapata daladala ya 310, ya Makunduchi, iliyosimama kila kituo kama isiyojua ilichobeba. Nilipoteremka, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Walikuwa na udongo kwenye viganja. Mzee mmoja alinishika mkono wangu mkavu kwa mkono wake wenye udongo, akaniombea subira, akaendelea na njia yake.

Jioni ya siku ileile, watu walipokuwa wametawanyika, niliingia chumbani kwa Babu. Vifuu vilikuwa palepale. Kushoto kokwa saba, kulia tatu. Kwenye kamba nilihesabu mafundo 27. Nilijua maana yake kwa juu juu: amemaliza miongo 27 na siku saba, na alfajiri ya siku ya nane hakurudi kutoka msikitini kwa sababu hakuamka kwenda. Sikugusa kitu. Nilitoka nikawauliza wazee wawili waliokuwa barazani leo ni mwongo wa ngapi. Mmoja alisema Mwaka uko karibu, miezi mitatu hivi. Mwingine alisema hayo aliyajua marehemu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, wametutolea kamusi ya lahaja ya Kimakunduchi, na kwa hilo nawashukuru, maneno ya bibi zetu yamepata pa kulala. Lakini siku hazitiwi kwenye kamusi. Siku isipohesabiwa na mtu aliye hai, leo, hakuna pa kwenda kuitafuta kesho. Nilirudi Dar es Salaam nikiamini kwamba hesabu ile imekatika mikononi mwetu, na kwamba niliyekuwa na dhamana ya kuipokea ni mimi, na nilichokifanya ni kuiandika mara nne kwenye daftari.

Kuna huzuni ya kumpoteza mtu, na kuna ile ya kukipoteza ulichokuwa ukingoja kumwomba. Ya pili ilinisumbua usiku. Kwa wiki tano nilikuwa nikiamka na kuhesabu likizo nilizozipitisha mjini: ile ya 2015 nilipobaki kwa ajili ya semina ambayo mada yake siikumbuki, ile ya 2016 nilipokwenda Makunduchi siku mbili na zote nikawa kwenye simu. Babu aliniuliza siku ile, akiwa ameshika kifuu, "Hutaki kutia moja?" Nilimwambia, "Kesho, Babu." Kesho yake niliondoka na daladala ya asubuhi.

Nilirudi kwa ajili ya arobaini. Bibi alikuwa eda, na mimi ni mjukuu wake, nikaingia ndani kumwamkia. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu, kaa." Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikainua macho kwenye dirisha. Vifuu vilikuwa vimehamishiwa chumbani kwake. Kushoto kokwa saba, kulia tatu, vilevile kama nilivyoviacha, na moyo ukanishuka. Kisha nikaitazama kamba. Nikahesabu. Nikarudia kuhesabu nikiwa nimesimama. Mafundo yalikuwa 31.

"Bibi, nani anahesabu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani anapika. "Babu yako alipokwenda dago mwezi mzima, kokwa nani akizihamisha?"

Hayo sikuwa nimeyawaza hata siku moja. Miaka yote ile nilimwona mwanamume amesimama dirishani alfajiri, nikadhani hesabu ni yake. Kumbe mvuvi huwa hayupo. Mwaka mzima una kusi na kaskazi, na safari za kambi, na usiku wa kuvua, na aliyekuwa nyumbani kila siku kumi ni Bibi. Khitma ya Babu iliangukia siku ya kumi ya mwongo wa 28. Watu walipokuwa wanasoma ukumbini, yeye alipiga fundo ndani. Nikayatazama mafundo kwa karibu, na kweli yalikuwa ya mikono miwili. Yale 27 yalikuwa ya kivuvi, madogo, yamezamishwa. Manne ya mwisho yalikuwa mafundo ya kufungia mzigo wa kuni. Na kwenye daftari langu, mara nne, niliandika kukaa na Babu. Jina la Bibi halimo.

Sitaki kulifanya jambo hili litulie kuliko lilivyo. Bibi anajua nusu. Anajua mwongo wa kufyeka mashamba ya maweni, wa kuchoma, wa kutia mtama kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe. Anajua pwani, pweza na chaza, hadi maji ya kiunoni. Lakini bahari ya nje ya mwamba ilikuwa ya Babu. Alijua mwongo ambao nguru hupita na ule ambao maleleji humgeukia mtu akiwa mbali. Aliijua miamba ya chini kwa kulinganisha mnazi fulani na mnara wa msikiti, kisha mti mwingine na paa fulani, na pale mistari miwili ilipokutana akateremsha nanga. Mnazi ule umekwisha kukatwa, na paa lile sasa ni la hoteli. Hata kama ningekaa naye mwaka mzima nisingeyachukua yote, nalijua hilo, ila ningechukua mwamba mmoja. Mmoja tu ningeweza kumwonyesha mtoto wangu.

Tulianza palepale, yeye akiwa eda. Nilirudi mjini na kokwa kumi za ukwaju kwenye bahasha, nikanunua nazi mbili sokoni Temeke, nikapata vifuu. Kila kumi likijaa nilimpigia simu baada ya isha, naye aliniuliza kwa maneno ya Babu. Kumi la kwanza nilimsomea nusu ukurasa wa visingizio, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akaniuliza kama nimekula. La pili nilisahau siku mbili nikahamisha kokwa tatu kwa pamoja. Alijua. "Uko nyuma," alisema, "au unaruka. Mtu akiruka siku, zile alizoziruka ndizo zenye neno." Nilishangaa jinsi siku kumi zilivyo nyingi. Nilidhani ni kidogo, ni wiki moja na kipande. Jaribu kukumbuka mambo saba uliyoyasema kwa watu katika siku kumi zilizopita, na jinsi nyuso zao zilivyokuwa ulipoyasema.

Jambo lililonigharimu zaidi lilikuwa la mdogo wangu. Baada ya arobaini aliuza ngarawa ya Babu bila kuniuliza. Nilipopata habari nilikata mazungumzo naye, na kwa moyo wangu nilijiona nina haki. Kumi la tatu nilimwambia Bibi kwa ufupi, nikitegemea aniunge mkono. Aliuliza, "Amekwambia kwa nini?" Nikasema sijamuuliza. Kumi la nne aliuliza tena, nikasema bado. La tano hakuuliza. Alinyamaza pale swali lilipokuwa likikaa, nikasikia pumzi zake kwenye simu na mlango ukifungwa kwa nyuma. Usiku ule nikampigia mdogo wangu. Mchele, sukari na mafuta ya matanga vilichukuliwa dukani kwa mkopo, mwenye duka amekwisha kuja mara mbili, na Bibi hakutaka mimi nisumbuliwe. Alilia kidogo, na mimi nikalia. Fundo hilo lingeweza kukaa hadi Desemba, nikaliandika "kuboresha uhusiano na familia", na Desemba nyingine tena. Au tungelipeleka Kae Kuu tukapigana kwa migomba na watu wakipiga picha, bado sijui habari ya mchele.

Nina shangazi Jambiani anayelima mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara huko na Paje mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Nilipomweleza haya ya makumi hakuona ajabu, kwa kuwa yeye huhesabu kwa bamvua. Maji yakitoka mbali huingia na mambo ya kuchomeka na kamba na taitai za kufungia, hufunga vishada, hutazama vilivyofungwa bamvua lililopita. Kata moja ya mwani huchukua kama wiki sita, basi ni bamvua tatu. Ile aina yenye bei nzuri, kotonii, ilianza kufa maji ya ufukweni yalipozidi joto, na shangazi hakuingoja iishe mwaka. Bamvua moja alisogeza kamba chache mbele, kwenye kina, akatazama. Nyingine akarudisha. Nyingine akapanda spinosamu katikati. Amepoteza zaidi ya alichookoa, na hunieleza hivyo bila kupamba. Lakini anajua kila kamba ilikufa lini na ilikuwa wapi.

Nimekuja pia kuona kwamba wazee wetu hawakumwambia mfiwa amalize huzuni kwa usiku mmoja. Kuna siku ya tatu, kuna arobaini, kuna eda ya miezi minne na siku kumi. Kila moja ina kazi yake na watu wake na chakula chake. Hakuna anayemuuliza mjane siku ya tatu kama amejifunza nini. Mimi mwisho wa 2018, kwa mazoea, nililifungua daftari jeusi na nikakuta nataka kuandika juu ya Babu sentensi moja itakayofunga habari yake: nimempoteza, nimejifunza kuthamini. Kalamu ilikataa. Nilikuwa nimekwisha kumlilia kwa makumi, kumi moja kwa sababu ya mwamba, jingine kwa ajili ya ule mkono wenye udongo, jingine kwa "Kesho, Babu". Hakuna lililofanana na jingine. Kuyafunga pamoja kungekuwa kumzika mara ya pili, na mara hii mimi mwenyewe ndiye niliyeshika jembe.

Kwa hiyo usiku ule sikuandika malengo. Nilisoma. Toka Juni nilikuwa na kurasa za makumi zaidi ya kumi na tano, nikazisoma kwa mfululizo, na nikaona kitu ambacho hakuna Desemba iliyowahi kunionyesha: neno "nitampigia kesho" limo mara kumi na moja. Wa kupigiwa walikuwa tofauti, sababu zilikuwa tofauti, na kila moja peke yake ilikuwa na haki yake. Mara kumi na moja. Naamini mwisho wa mwaka una heshima yake kwa kazi hiyo, ya kusimama juu na kuona njia ilivyopinda, maadamu mtu ameitembea akitazama chini. Nilianza na wawili usiku uleule, ingawa ilikuwa saa tano na mmoja wao alidhani kuna msiba.

Zimebaki zile siku tano. Babu hakuzihamishia kokwa. Kuanzia mwongo wa 36 ukijaa hadi Siku ya Mwaka, vifuu vilikaa vitupu, hakuuliza swali lake, na akiwa hana safari alikaa barazani na kuifungua ile kamba, fundo moja baada ya jingine, ili itumike tena. Kamba ilikuwa ileile miaka mingi. Mwaka aliofariki, siku hizo zilimkuta Bibi eda. Alikuwa amekwisha kumaliza ule mwaka peke yake, mafundo tisa juu ya yale 27, lakini kuifungua hakuweza, akasokota kamba mpya.

Julai 2019 nilichukua likizo, nikafika siku ya kwanza ya zile tano. Bibi alinitolea kamba ya zamani, akaniwekea mapajani. "Fungua," alisema. Nikaanza na yake. Tisa yalifunguka kabla ya adhuhuri, ni mafundo ya mzigo wa kuni, yamefungwa na mtu anayejua atafika nyumbani. Ya Babu yalikuwa yameingia chumvi na yamekauka. Nilitafuta msumari, nikawa nachokoa uzi mmoja mmoja wa makumbi nisije nikaukata, na vidole vikanitoka malengelenge. Bibi alipita mara kwa mara, akatazama, akaendelea na kazi zake. Mdogo wangu alikuja jioni akakaa nami, akafungua mawili. Siku ya tatu nilikuwa nimefika nusu. Siku ya tano, jua likizama nyuma ya migomba iliyokwisha kukatwa kwa ajili ya kesho, lilikuwa limebaki moja, lile la ishirini na saba, alilolipiga siku nane kabla ya kuondoka.

Nililishika muda. Bibi alitokea mlangoni akanifuta jasho usoni kwa ncha ya kanga, akasema niingie ndani, chakula kinapoa.